Supu Iliyovuka Barabara

Sufuria ilikuwa ya watu kumi na wawili, na mgeni alikuwa mmoja, naye hasikii.

Bibi Raonaid alikuwa ameketi mezani kwa Dolina, kitambaa cheupe kimetandazwa mpaka mwisho wa meza, sahani zimepangwa pande zote mbili, na viti vitupu kulia na kushoto kwake. Umri wake ulishapita themanini, na nyumba yake ilikuwa huku huku kijijini, karibu na kisima, kwa hiyo ukitaka kuwa mkali hata mgeni hakuwa. Alionja supu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaitazama ile safu ya sahani.

"Wageni wako wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Dolina alimwambia watakuja. Bibi Raonaid akatia kiganja sikioni. Dolina akarudia. Bibi Raonaid akaendelea kula, na alipomaliza bakuli la kwanza akauliza tena, vilevile, wageni wako wapi, na dirisha la upande wa barabara lilikuwa wazi.

Kisiwani kwetu Juma la Meza ya Bwana huja mara mbili kwa mwaka, na kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu watu hutembeleana. Huja kwa basi na kwa meli kutoka parokia nyingine, bila kumwandikia mtu barua, bila kujua watalala wapi. Hakuna haja. Ibada ya Alhamisi ikiisha, wenye nyumba husimama langoni mwa kanisa, na kila mgeni anayetoka hushikwa mkono na kuambiwa, wewe ni wetu. Mwenye nyumba huwa ameshachinja kondoo, ameoka mikate ya shayiri, ameazima mablanketi. Na mwanamke akirudi nyumbani peke yake, hakuna atakayemwambia neno, lakini mapazia ya njia nzima yatacheza.

Dolina hakuwahi kurudi peke yake. Yeye alikuwa na Mzee Fionnlagh wa kisiwa cha Skye. Mwaka nenda mwaka rudi, yule mzee mwenye ndevu nyeupe alilala chumba cha juu cha Dolina, na jioni majirani walijaa mpaka ngazini kumsikiliza, kwa sababu akiomba hata mbwa alikuwa analala chini na kuweka kidevu sakafuni. Kwa siku hizo tano nyumba ya Dolina ilikuwa ndiyo nyumba.

Alhamisi hii, katikati ya zaburi ya mwisho, Bibi Raonaid alipandisha sauti kuliko umri wake, na meno yake ya bandia yakatoka, yakaruka, yakaingia chini ya benchi. Dolina ndiye aliyekuwa kando yake. Yule bibi aliziba mdomo kwa kiganja kimoja na kwa kingine akamshika Dolina mkono wa koti, akimtazama kwa macho ya mtoto aliyevunja chungu. Dolina akapiga magoti. Akatambaa na koti lake jema katikati ya viatu vya watu, zaburi ikaisha, baraka ikatolewa, viatu vikaondoka, naye bado anapapasa. Aliyakuta nyuma kabisa, ukutani, chini ya bomba. Akayafuta kwa leso, akamsubiri bibi ageukie ukuta ayavae. Walipotoka, langoni hapakuwa na mtu.

Chini kidogo barabarani, Peigi alikuwa anakwenda zake nyumbani na msafara nyuma yake kama bata na vifaranga. Peigi alikuwa dada wa Tormod, mume wa Dolina; nyumba zao zilitazamana mlango kwa mlango. Na mkononi mwake, chini ya kofia nyeusi ambayo Dolina angeitambua hata gizani, alikuwa Mzee Fionnlagh.

*

Tormod alirudi, akaziona sahani, akamwona Bibi Raonaid, akatoa shukrani fupi ya chakula na kuanza kula. Alikuwa mfumaji wa vitambaa vya sufu, mzee wa kanisa, na mtu mwenye kutumia maneno kama anayeyakopa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Aonghas, mume wa Peigi, mwanaume mkubwa kama kabati, ameshika kofia yake tumboni.

"Samahani, shemeji. Peigi anauliza yale mablanketi."

Mablanketi yalikuwa ya Peigi kweli. Dolina alikuwa ameyaazima kwa ajili ya wageni. Aliyatoa yote, amekwisha kuyapasha joto, yamekunjwa vizuri na majani ya kunukia katikati. Aonghas akavuka nayo barabara.

Baada ya kitambo akarudi. Viti, shemeji, kama haviketiwi. Dolina alisema havikuwa vinaketiwa, anavyoona mwenyewe. Aonghas akaondoka na viti sita, vitatu kila mkono, na mara ya tatu alikuja kuchukua birika kubwa. Kila mara alipangusa viatu mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mara ya nne alisimama kizingitini bila kuingia.

"Shemeji," akasema, na kutazama miguu yake. "Watu wamezidi. Supu imeishia katikati ya meza. Mimi nimesema nisije. Nimesema haifai."

Dolina akavaa vitambaa mikononi, akaiinua sufuria ile ya watu kumi na wawili kutoka jikoni, akamkabidhi.

"Angalia mkono, ina moto," akasema. "Na mwambie Peigi aonje chumvi kwanza. Hii tayari ina chumvi."

"Wanachukua sufuria!" Bibi Raonaid akapaza sauti, akalikumbatia bakuli lake kwa mikono miwili.

Aonghas alipogeuka kuondoka, alisema chini chini, bila kumtazama mtu, kwamba supu ya nyumba hii ndiyo supu, na kwamba asingependa maneno hayo yavuke barabara. Dolina aliyasikia. Hata katika saa ile aliyaweka mahali, kama mtu anayeweka yai mfukoni.

Kisha akatoka nyuma ya nyumba, akaangalia huku na huku, na kwa nguvu zake zote akaipiga teke ndoo ya chakula cha kuku.

*

Tormod alimkuta ameketi juu ya rundo la mboji kavu ya kuwashia moto, ameshika kidole gumba cha mguu.

"Umejikwaa?"

"Nimejikwaa."

Tormod akaitazama ndoo, iliyolala kule katikati ya kabichi. "Na ndoo nayo imejikwaa mbali," akasema. Akaenda kuichukua, akakusanya chakula cha kuku kilichomwagika, akaketi kando yake.

Walikaa. Kuku wakaja kuokota yaliyobaki.

"Tormod, ni Mungu aliyeumba kila kitu?"

"Ndivyo tunavyofundisha watoto."

"Na yeye ni mwema?"

"Ni mwema."

"Basi hiki kilichomo kifuani mwangu nani amekiumba? Maana sikukinunua dukani Stornoway."

Tormod alifikiri. "Kikoje?"

"Kinataka nyumba ya dada yako iungue. Wageni watoke kwanza. Aonghas naye atoke. Lakini iungue."

Mume wake hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza upande mmoja. Dolina akaendelea kumwambia kwamba hajawahi kujua kama kitu hiki kimo ndani yake. Alidhani yeye ni mwanamke mpole. Watu wote walimwambia ni mpole. Sasa anaona upole wake ulikuwa ni kwamba hajawahi kunyimwa. Kama Mungu ndiye aliyekitia, basi wema wake una kona ambayo Dolina haielewi. Na kama hakukitia, basi kuna kitu ndani ya Dolina ambacho Mungu hakukiumba, na hilo lilimtisha zaidi.

"Kwa hiyo Jumapili sitakwenda Mezani," akasema. "Siwezi kula ule mkate nikiwa na hiki."

Hapo Tormod aligeuka kumtazama. Kwetu mtu hawezi kuificha hatua hiyo. Meza ya Bwana hutandikwa mbele ya kanisa, ndefu, nyeupe, na wale waliopokelewa huinuka vitini mwao na kwenda kuketi pamoja, kanisa zima likiwatazama. Anayebaki kitini, anabaki mbele ya macho ya watu. Na kabla ya hapo, Jumamosi, kila mwenye kwenda Mezani hupita mbele ya wazee wa kanisa na kunyoosha mkono, akatiwa kiganjani kipande kidogo cha madini ya risasi, sawa na kifungo cha koti, cha kuonyesha kwamba ana nafasi. Mzee aliyevitoa vipande vile upande wa wanawake alikuwa Tormod. Tangu siku alipopokelewa Dolina hakuwahi kukosa, ila mara ile alipokuwa kitandani amejifungua.

"Sijui la kukwambia," Tormod akasema mwishowe.

"Najua hujui. Nipe mkono nisimame."

*

Ijumaa ni Siku ya Swali. Siku hiyo mchungaji hukaa kimya na wanaume ndio husema. Mmoja huinuka na kuuliza jambo, kisha wengine huitwa kwa majina, mmoja mmoja, kueleza kwa yale waliyoyaona katika maisha yao. Wanawake husikiliza. Wengi wao wangeweza kulijibu Swali kabla wanaume hawajapata miwani, lakini ndivyo ilivyo.

Dolina aliingia akichechemea na kuketi kando ya Bibi Raonaid. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye Swali. Aliyeinuka alikuwa Mzee Fionnlagh.

Alisimama ameshika mgongo wa benchi. Akasema kuna hasira na kuna wivu, na kuna uchungu wa mtu aliyeachwa, na kila mwenye roho ameviona. Naye aliyetuumba ni mwema. Angependa ndugu wamwonyeshe ni kwa alama gani mtu atajua kama moto ulio ndani yake unaweza kukaa katika nyumba aliyoijenga Mungu mwema, au ni moto wa kigeni.

Dolina aliona masikio yakimwaka. Peigi amemwambia, akawaza. Peigi amemsimulia kila kitu, na sasa nazungumziwa mbele ya kisiwa kizima. Akamtafuta Peigi kwa jicho. Peigi naye alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na macho yake yalikuwa na weusi chini, kama mtu asiyelala.

Wanaume wakaitwa. Wa kwanza alisema hasira yote ni ya ibilisi, kisha akaeleza kwa urefu juu ya kondoo dume wa jirani yake na ua uliovunjwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopanda, mpaka mchungaji akamshukuru. Nahodha mmoja wa mashua ya uvuvi alisema chombo kisicho na uzito chini hupinduka, ila uzito ukihama upande mmoja hupinduka vilevile. Hilo watu walilipenda. Mwingine alilia tu, akaketi. Kisha mchungaji akamwita Tormod.

Tormod alikuwa haitwi mara nyingi, kwa sababu alikuwa na desturi ya kusimama, kusema wengine wameshasema, na kukaa. Safari hii alisimama na hakukaa. Dolina alihisi kidole gumba kikimdunda.

"Mimi nina ng'ombe," Tormod akasema.

Kanisa likasubiri.

"Mungu aliyempa ulimi wa kumlamba ndama, ndiye aliyempa na kwato. Sijamwona ng'ombe akipiga teke kwa ajili ya ndama asiyempenda. Kwa hiyo mimi naona kwato si kosa." Akatazama kiti chake. "Kosa ni kupiga ndoo."

Akakaa.

Watu wakalipima neno hilo kama ni zito au ni la ajabu. Mzee Fionnlagh aliinamisha kichwa na kukitikisa polepole. Lakini Dolina alikuwa amebaki kwenye neno moja tu. Ng'ombe. Mume wake, baada ya miaka yote hiyo ya kunyamaza, amefungua mdomo mbele ya parokia tatu na kumwita ng'ombe. Na ibada ilipokwisha alilazimika kutoka akichechemea, wanawake wakimpisha njia kwa heshima kubwa na kumtazama mguu.

"Ulikuwa unamaanisha mimi," alimwambia njiani.

"Nilikuwa namaanisha ng'ombe."

"Tormod."

"Na wewe kidogo," Tormod akakiri.

Basi Ijumaa ile Dolina alikuwa na hasira mbili badala ya moja, na ajabu ni kwamba ile ya pili ilimpunguzia ya kwanza, kama mzigo unaogawanywa mabega mawili.

*

Mchana huo mlango uligongwa tena. Dolina alikwenda kufungua huku akijiuliza ni nini kilichobaki ndani cha kuazimwa. Alikuwa Mzee Fionnlagh, peke yake, na fimbo yake.

Hakutaka kuingia wala kuketi. Alisimama pale pale akizungusha kofia.

"Sikukuona langoni, binti," akasema. "Nilisimama. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikafunga na ya pili. Hukutokea. Peigi akanishika mkono."

Dolina alikiachia kitasa cha mlango.

"Halafu wakaleta supu. Nikaonja. Karoti za mviringo, shayiri haijapondeka. Naijua supu yako kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Nikasema moyoni, amenipelekea supu, amenikataa mimi." Ndevu zilitikisika. "Sikulala. Nilikuwa na hasira, mimi, mzee wa umri huu, kwa ajili ya kitanda. Lile Swali halikuwa lako. Lilikuwa langu."

Dolina alitamani kumwambia. Lakini kumwambia ilikuwa ni kuyatoa hadharani meno ya Bibi Raonaid, ambaye hakuna mtu kijijini aliyejua kwamba ni ya bandia, au walau ndivyo yeye bibi alivyoamini.

"Nilichelewa ndani, mzee," akasema. "Nilikuwa nimepiga magoti."

Uso wa mzee ukafunguka. "Ah. Ulikuwa unaomba."

Dolina alifungua mdomo, akaufunga. Mzee Fionnlagh alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba msamaha kwa kumwazia vibaya mwanamke aliyekuwa katika sala, na akarudi kwa Peigi akiwa amefarijika kabisa. Dolina akaegemea mlango. Sasa wivu, hasira, na uongo usiosemwa. Kama ni kwenda Mezani, alikuwa anazidi kwenda mbali nayo kila mtu alipomtembelea.

*

Jumamosi baada ya ibada wanawake walipanga mstari kwenda kupokea vipande. Ni saa ya utulivu mkubwa. Viatu havigongwi, watoto wako nje. Tormod alisimama mbele na mfuko mdogo wa ngozi, na kila mkono uliponyooshwa alitia kipande bila neno.

Dolina hakuingia mstarini. Alibaki kitini na mikono mapajani. Mstari ukapungua. Aliyaona macho yakimjia na kuondoka upesi, kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko kama wangemkodolea. Tormod hakumtazama hata mara moja. Lakini kila alipotia mkono mfukoni alikuwa anakawia kidogo, kama anayetaka mstari uwe mrefu.

Kisha aliona jambo jingine. Upande wa pili wa njia, peke yake kwenye benchi, alikuwa Peigi. Naye hajainuka.

Wa mwisho mstarini alikuwa Bibi Raonaid. Alipofika kando ya Dolina alisimama. Akamtazama, akamtazama na Peigi. Akainama hadi sikioni mwa Dolina, na kwa ile sauti ambayo yeye aliiita mnong'ono akasema:

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Sijamwambia mtu kwamba Alhamisi ulikuwa chini ya benchi unatafuta meno yangu."

Lilisikika mpaka kwenye mimbari. Lilisikika, walisema baadaye, mpaka kwenye basi. Katika benchi la wazee wa kanisa kulitoka sauti ambayo hakuna aliyeitambua mwanzoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia mle ndani: Mzee Fionnlagh alikuwa anacheka, amejifunika uso kwa kofia, mabega yakipanda na kushuka.

Bibi Raonaid alinyoosha mkono kwa Tormod, akachukua kipande chake, akaenda zake ameinua kidevu. Mpaka leo hakuna ajuaye kama kweli alidhani ananong'ona. Dolina ana mawazo yake kuhusu hilo, na kila mwaka kondoo akichinjwa, sehemu laini hupelekwa nyumba ile ya karibu na kisima.

Peigi alikuwa amesimama. Alivuka njia, akaja kusimama mbele ya Dolina.

"Nilitoka kabla ya baraka," akasema.

Dolina alimtazama. Kutoka kanisani kabla ya baraka, kwetu, ni kama kuondoka mezani wakati mwenye nyumba anakutilia chakula. Hata walevi hungoja baraka.

"Nilikwenda kusimama langoni ili nimwahi. Miaka yote nakaa dirishani kwangu naangalia watu wanaingia kwako. Naangalia taa ya chumba cha juu. Nilisema mwaka huu hapana." Akavuta pumzi. "Nimempata. Anaamka alfajiri kuimba. Kila asubuhi anaonja uji wangu, anaweka kijiko chini, anasema, 'Kwa Dolina.' Hamalizi hata sentensi. 'Kwa Dolina.' Basi. Nakuomba, wifi, mchukue."

"Simtaki," Dolina akasema, na akashangaa kusikia kwamba kidogo ilikuwa kweli. "Umempenda, kaa naye."

"Nikupe na mablanketi."

"Mablanketi ni yako."

"Dolina, ile supu nilisema ni yangu."

Hilo lilimfika. Dolina aliinuka taratibu. Kile kitu kifuani kilikuwa bado kipo. Alikisikia kikigeuka upande wa pili, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kulala. Hakikuwa kimeondoka. Lakini alimwona Peigi na yale macho ya kutolala, akamwona dirishani miaka yote hiyo, taa imezimwa ili asionekane, akihesabu watu wa wifi yake, na hakujua acheke au alie.

Tormod alikuwa amesimama pale pale, mfuko mkononi. Alikuwa hajaufunga. Wakaenda mbele yake wote wawili, na hakuna aliyetaka kutangulia kunyoosha mkono.

"Mimi bado nina hasira," Dolina akamwambia mume wake.

"Hata mimi," Peigi akasema, "na sijui hata ya nini."

Tormod aliwatazama, mke na dada. "Na mimi nimemwita mke wangu ng'ombe mbele ya parokia tatu," akasema. "Nami kesho nitakwenda. Nyoosheni mikono."

*

Jumapili walikwenda. Mezani waliketi bega kwa bega, kwa kuwa ndivyo walivyofika, na kikombe kilipopita mkono kwa mkono kilitoka kwa Peigi kuja kwa Dolina. Mzee Fionnlagh alikuwa ameketi upande wa pili wa Peigi, si wake, na Dolina aliona kile kitu kikiinua kichwa. Akakiambia, nimekuona, lala. Akanywa. Alimwambia Mungu kwamba swali lake bado halijajibiwa, kwamba hajui kama hiki amekitia yeye au hakukitia, na kwamba kwa sasa amekuja nacho hivyo hivyo, maana hakuwa na mahali pa kukiacha. Hakusikia jibu. Alisikia tu Bibi Raonaid, mwisho wa meza, akimwambia jirani yake kwa mnong'ono wake kwamba mkate wa mwaka huu ni laini.

Jumatatu wageni waliondoka. Aonghas alivuka barabara na viti, kisha na birika, kisha na mablanketi. Hayo yalikuwa ya Peigi, lakini Peigi alisema yakae. Mwisho alileta sufuria. Chombo hakirudishwi kitupu, nayo ndani yake ilikuwa na kuku mzima aliyechemshwa, bila chembe ya chumvi.

Na msimu wa baridi ulipokaribia, Juma la Meza likaja tena. Alhamisi ile kanisa lilijaa. Zaburi ya mwisho ikaimbwa, Bibi Raonaid akaimba kwa mdomo mdogo. Mchungaji akainua mikono, akatoa baraka mpaka Amina, na hakuna aliyetikisika kabla yake. Kisha Dolina na Peigi wakainuka kwa pamoja, wakakutana katikati ya njia, wakashikana mikono, kiwiko ndani ya kiwiko, na kutoka hivyo mlangoni mpaka langoni, mahali ambapo Mzee Fionnlagh alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu kwa muda mrefu sana.

"Tazama mawifi hawa wanavyopendana," mama mmoja mgeni akamwambia mwenziwe.

Dolina alimwinamia kwa adabu. Alihisi mkono wa Peigi ukimkaza, asije akatangulia, naye akaukaza wa kwake.